Mali ya Serikali Tumboni mwa Ngwali

Watu wakiniuliza Stahamala iko wapi, huwaambia iko pale kwenye ramani ambapo mchapishaji ameandika anwani yake. Njia ya kufika huko haina la kusimulia. Mimi ni fundi cherehani. Niliitwa kutengeneza mashine za kiwanda cha kushona magunia, nikaenda, nikafika. Nitaeleza niliyoyaona baada ya kufika, na sitaongeza chumvi, kwa sababu nchi yenyewe ilikuwa imekolea.

Watu wa Stahamala hawaulizani hali. Mmoja husema, "Umehimili?" na mwenzake hujibu, "Nimehimili," kisha kila mtu huenda zake. Mimi sikuwa nikijua. Karani wa mpakani aliponisalimu, nilimjibu kwamba nina mafua kidogo. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akafunga mlango wa kibanda chake, akaniambia kwa upole kupitia dirishani, "Mgeni, hapa hatusemi hivyo. Sema umechelewa."

Nilikuja kuelewa baadaye. Katika nchi hiyo, kisheria, hakuna mgonjwa. Kuna aliyehimili, kuna aliyechelewa kuhimili, na kuna aliyekataa. Aliyekataa ndiye sisi tunayemwita marehemu. Mtu akifariki, familia yake husimama mbele ya bakuli la matunda na kuomba radhi kwa niaba yake.

Matunda hayo huitwa vihimili. Kihimili ni tunda dogo jekundu, ukubwa wake kama kunazi, linaota kwa vishada kwenye mmea unaotambaa. Ukilitafuna huanza kwa uchachu, halafu utamu, halafu uchungu kidogo, na mwisho huacha ukali kama wa tangawizi nyuma ya ulimi. Ndani lina mbegu moja ngumu. Nitasema kweli, nililipenda. Nikila machache asubuhi nilijihisi mwepesi kazini, na nikiyala jioni nililala vizuri, ingawa huenda nililala vizuri kwa sababu nilikuwa mbali na ndugu zangu.

Tatizo la Stahamala halikuwa tunda. Tatizo ni kwamba tunda lilisaidia kidogo, na Serikali ikaona kidogo hicho kinatosha kuachiwa kazi zote.

Nilipangishwa chumba nyumbani kwa Ngwali, seremala mmoja mnene, mcheshi, mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mkewe, Kidawa, alikuwa mwembamba na mwenye ulimi ambao majirani waliuogopa kuliko mbwa. Hawakujaliwa watoto. Walikuwa wakigombana kutwa kuhusu vitu vidogo, chumvi ya mchuzi, mahali pa kuanika taulo, na nikajua mapema kwamba hakuna kati yao ambaye angeweza kuishi wiki moja bila mwenzake. Mimi walinipokea kama ndugu. Nilimwita Kidawa shemeji, naye aliniita fundi.

Ngwali alikuwa na starehe moja: kwenda barazani kusikiliza waheshimiwa wakijadiliana. "Ni burudani ya bure," aliniambia, "na ukisinzia hakuna anayekuamsha, maana na wao wamesinzia."

Siku aliyonipeleka, mjumbe mmoja kutoka ng'ambo ya mto alisimama kuomba daraja. Lililokuwepo lilikuwa limechukuliwa na maji, na watu wake walikuwa wakivuka wakiwa wameshika mikia ya ng'ombe. Aliyejibu alikuwa Mkuu wa Vihimili, Bwana Lukindo, mtu mrefu mwenye sauti ya kujaza ukumbi na shavu moja lililojaa kuliko jingine. Alisema Serikali imelisikia ombi hilo kwa moyo mkunjufu, na kwamba kuanzia mwezi ujao watu wa ng'ambo wataongezewa vihimili ili wayahimili maji. Ukumbi ukapiga makofi. Mjumbe akashukuru, akaketi.

Ndipo ukaanza mjadala wenyewe. Ilikuwa inajulikana kwa wote kwamba kihimili humwamsha aliyesinzia na kumlaza aliyekosa usingizi, humpunguza mnene na kumnenepesha mwembamba, hupoza moyo uendao mbio na kuuchapua uendao polepole. Mjumbe mmoja mzee aliuliza tunda linajuaje nani ni yupi. Lukindo alijibu kwamba lina akili. Mzee akauliza, kama lina akili, kwa nini halina kiti barazani. Jambo hilo lilijadiliwa hadi mchana, likapitishwa, na bakuli la vihimili likawekwa kwenye kiti cha mbele, karibu na dirisha.

"Afadhali," Ngwali alininong'oneza. "Sasa kuna mmoja ambaye hatasema upuuzi."

Tukirudi alinipitisha hospitali kuu, kwa sababu vitanda vyake vyote alivitengeneza yeye ujanani, na alikuwa akijivunia. Vitanda vilikuwepo, vimepangwa vizuri, vimetandikwa mashuka meupe. Juu ya kila kitanda vilikuwa vimeanikwa vihimili, vimefunikwa chandarua visiliwe na inzi. Nje, chini ya madirisha, watu waliochelewa walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakisubiri kugawiwa. Mmoja alikuwa na mguu uliovimba kama mto wa kulalia.

Msimamizi wa ghala hilo alikuwa Daktari Pazi, aliyekuwa mpasuaji mkuu wa nchi kabla ya sheria mpya. Kazi yake sasa ilikuwa kugeuza matunda ili yakauke pande zote mbili. Alitukaribisha kwenye chumba chake, na nikaona kwamba visu vyake bado vilikuwa kwenye trei, vinang'aa, vimepangwa kwa ukubwa.

"Daktari, na wewe unalila?" nilimuuliza, nikionyesha tunda.

"Kila siku," alisema. "Ni tunda zuri. Mtu aliyechoka linamsaidia, aliyevunjika moyo linamchangamsha. Mama yangu alinipa nikiwa mdogo na mimi ningempa mwanangu." Alifuta kisu kimoja ambacho hakikuwa na vumbi. "Lakini haliwezi kushona."

Siku chache baadaye Ngwali aliacha kula. Kwanza alisema ni mchuzi wa Kidawa, na Kidawa akamjibu inavyostahili. Kisha akaacha utani, na hapo sote wawili tukaogopa. Alilala kwa upande, amekunja magoti, jasho likimtoka, mkono umeshika tumbo chini kulia. Hakutaka mtu aguse kitanda.

Sheria ilitaka aitwe mpimaji wa mtaa. Alikuja kijana mwenye mfuko wa vihimili, akamtazama Ngwali kutoka mlangoni, akatangaza kwamba amechelewa sana, na akaagiza ale kiganja kizima kila saa. Ngwali alikula vya kwanza, akavitapika. Akala tena, akatapika tena.

"Anavikataa," alisema mpimaji, akitikisa kichwa.

"Neno hilo usilitumie nyumbani kwangu," Kidawa alimwambia. Hakupaza sauti. Yule kijana aliokota mfuko wake akaondoka.

Nilikwenda kumwita Daktari Pazi. Alikuja kwa mlango wa nyuma, akapiga magoti kando ya kitanda, akabonyeza tumbo taratibu, kisha akaachia ghafla. Ngwali alitoa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Ni kidole tumbo," alisema Pazi alipotoka uani. "Kimeoza. Kikipasuka ndani, basi. Nikikitoa leo, atapona."

"Kitoe," alisema Kidawa.

"Shemeji yangu, kumpasua mtu ni kosa tangu sheria ipite. Maana yake unadai tunda limeshindwa. Watanikamata kabla sijafika kwenye tumbo lenyewe, milango yote ya hospitali ina walinzi wa matunda. Niletee amri ya mahakama, na kisu changu kiko tayari."

"Mahakama imewahi kutoa amri hiyo?"

"Haijawahi," alisema Pazi.

Tuliung'oa mlango wa chumba changu, tukamlaza Ngwali juu yake, na majirani wanne wakatusaidia kumbeba. Njiani watu walitusalimu, "Mmehimili?" na tukawa tunajibu kwamba tumehimili, huku mtu anajikunja kama jongoo juu ya mlango. Adabu ni kitu kigumu kukiacha.

Jaji alikuwa mama mmoja aitwaye Nyanzala, mtaratibu, aliyesikiliza kila kitu akiwa amefumba macho. Kwa upande wa Serikali alisimama Lukindo mwenyewe, maana kesi yoyote iliyohusu kihimili ilimhusu yeye. Ngwali aliwekwa chini katikati ya ukumbi. Nilikaa karibu na kichwa chake nikimfuta jasho.

"Mwanamke huyu anadai nini?" aliuliza Jaji.

"Anadai mumewe ni mgonjwa, Mheshimiwa," alisema Lukindo.

Ukumbi ulinung'unika. Wengine waliziba masikio ya watoto wao.

"Sidai hivyo," alisema Kidawa haraka. "Amechelewa. Amechelewa sana. Naomba daktari amwahishe."

"Amekula kihimili?"

"Amekula."

"Basi amehimili," alisema Jaji, akaanza kufumbua macho ili aite kesi nyingine.

"Amekitapika, Mheshimiwa."

Hapo Lukindo alikasirika kweli. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analipenda lile tunda kama wengine wanavyopenda timu ya mpira, na alikuwa hawezi kuvumilia kusikia limetapikwa. Alieleza kwa muda mrefu, mkono mmoja hewani, faida zake zote: kwamba linapoingia kinywani safari yake ndiyo kwanza inaanza; kwamba halibaki tumboni kama ugali, bali linasambaa, linafika kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye nywele na kwenye kucha; kwamba hakuna pembe ya mwili wa binadamu lisipofika. Kisha akamnyooshea kidole Ngwali.

"Na huyu anatapika mali ya Serikali," alisema. "Raia anapewa kihimili akitumie, hapewi kiwe chake. Nyama ya tunda ni ya mwili, lakini mbegu ni ya Serikali. Ni ya Serikali ikiwa shambani, ni ya Serikali ikiwa ghalani, na ni ya Serikali popote ilipo."

Kidawa alikuwa akimtazama mumewe. Niliona anainua kichwa polepole.

"Popote ilipo, Mheshimiwa?"

"Popote ilipo."

"Hata ikiwa ndani ya mtu?"

"Hata ikiwa ndani ya mfalme," alisema Lukindo, na watu wakapiga makofi.

"Basi nimekuja mahali penyewe," alisema Kidawa, akamgeukia Jaji. "Mheshimiwa Jaji, naondoa ombi langu la kwanza. Nimekuja kumshtaki mume wangu. Ana mbegu ya Serikali. Iko hapa, upande wa kulia, chini. Imekwama, na yeye ameing'ang'ania, hataki kuitoa. Mtazameni alivyoikunjia magoti."

Ukumbi wote ulimtazama Ngwali. Ngwali, masikini, aliyekuwa hajui lolote linaloendelea, alizidi kukunja magoti.

Jaji Nyanzala alifumbua macho. Alimtazama Kidawa kitambo kirefu, na sijui mpaka leo kama aliamini au aliamua kuamini. "Mshtakiwa," alisema, "utairudisha mbegu kwa hiari?"

Ngwali aliguna.

"Amekataa," alisema Kidawa, na sauti ikamkatika, kwa maana neno lenyewe lilikuwa neno la msibani. "Amekataa kuirudisha, Mheshimiwa."

Kwa Lukindo, kupinga kungekuwa kusema kwamba Serikali haitaki mali yake. Jaji aliamuru mbegu ikachukuliwe siku hiyohiyo, na mtu pekee nchini aliyekuwa na vyombo vya kuichukua alikuwa msimamizi wa ghala la hospitali. Walinzi wa matunda wenyewe ndio waliotubebea mlango.

Ilibidi kwanza tuondoe vihimili kwenye meza ya upasuaji. Daktari Pazi alinawa mikono muda mrefu, akiimba wimbo asioujua vizuri. Dawa ya nusukaputi alikuwa ameificha kwenye gunia la matunda mabovu, mahali ambapo hakuna mkaguzi ambaye angeingiza mkono. Aliniomba nishike kioo kikubwa cha kunyolea ndevu, nikigeuze kwenye dirisha ili mwanga wa jua uanguke tumboni. Kidawa alikataa kutoka. Alisimama kichwani pa mumewe, ameweka viganja viwili mashavuni mwake.

Pazi alipokata, mwanga ukaanza kucheza ukutani. Bila kunitazama, alisema, "Fundi, kula kihimili." Nilikula vitatu vilivyokuwa vimebaki kwenye dirisha. Mikono ilitulia. Labda ilikuwa tunda, labda ilikuwa kuambiwa na mtu aliyekuwa ametulia. Naeleza tu kwamba ilitulia.

Kile alichokitoa kilikuwa kimevimba, cheusi nchani, kimekaribia kupasuka. Alikiweka kwenye sahani, akashona. Nimeona mashine nyingi zikishona maishani mwangu na sijaona mshono kama ule.

Ngwali aliamka jioni ile. Alimwona Kidawa, akamwona amelia, akafikiri kwa muda.

"Taulo umeianika wapi?" aliuliza.

"Mahali pake," alisema Kidawa, na akakaa chini sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye kitanda, akabaki hivyo.

Kesi haikuwa imekwisha, kwa sababu Serikali ilikuwa bado haijapewa mbegu yake. Ngwali alipoweza kukaa, tuliitwa tena mahakamani. Daktari Pazi aliapa kwamba alitafuta vizuri na mbegu hakuiona. Lukindo akasema ni udanganyifu, kwamba mahakama imechezewa, na kwamba wote wanne tufungwe, mimi nikiwemo kwa kushika kioo.

Kidawa alisimama. Mara hii alikuwa ametulia kabisa.

"Ilikuwepo, Mheshimiwa Jaji," alisema. "Imehama. Bwana Mkuu mwenyewe alituambia hapahapa kwamba tunda hili linasafiri mwilini, linafika kila pembe. Kama Bwana Mkuu alisema uongo, basi mimi pia nimesema uongo, na tufungwe pamoja."

Jaji alimgeukia Lukindo na kumuuliza kama linafika kila pembe. Niliona jasho likimtoka. Shavu lake moja lilikuwa likicheza lenyewe.

"Linafika," alisema.

"Basi mbegu itasubiriwa," alisema Jaji Nyanzala, akafumba macho. "Na mtu yeyote anayehisi mali ya Serikali imekwama kwake, aende kwa Daktari Pazi ikatolewe. Mahakama haiwezi kukaa kila siku kwa ajili ya mbegu."

Nilidhani hukumu hiyo ingepita kama zinavyopita nyingine. Asubuhi iliyofuata nilipokwenda kumwona Ngwali, foleni ilitoka mlangoni mwa hospitali, ikazunguka ukuta, ikafika sokoni. Yule mwenye mguu uliovimba alikuwa wa kwanza. Mbegu yake ilikuwa kwenye kifundo. Nyuma yake alikuwepo mzee aliyekuwa nayo gotini, tangu vita, alisema. Mama mmoja alikuwa na mbegu mbili, moja kila titi, na hakuwa anacheka alipolisema hilo. Msichana mmoja alisema yake iko kichwani na huja kila mwezi. Kulikuwa na mtu aliyeshindwa kusema ilipo. Alimwomba Daktari amsikilize faragha. Watu waliokuwa wamesalimiana kwa neno moja miaka yote walikuwa sasa wanaambiana mbegu zao kwa urefu, wakiulizana, wakioneshana, na kelele zake zilikuwa kama za sherehe.

Wauguzi wa zamani walirudi bila kuitwa. Vihimili vilishushwa vitandani vikapelekwa jikoni, vikawa vinapikwa uji wa wagonjwa. Nasema wagonjwa kwa kuwa nilimsikia mwanamke mmoja akilitumia neno hilo waziwazi na hakuna aliyemkamata. Uji ulikuwa mtamu. Kidawa alijipa kazi ya kupanga foleni, na hakuna aliyethubutu kuruka zamu.

Siku yangu ya mwisho nilikwenda kuwaaga. Nilimkuta Kidawa mlangoni, na nikaona foleni nzima imenyamaza. Bwana Lukindo alikuwa amesimama mbele yake, bila walinzi, ameshika shavu lake kwa kitambaa.

Nilijua Kidawa anaweza kusema nini. Watu wote pale walijua, na wengine walikuwa wamesogea karibu ili wasikie vizuri. Alimtazama Mkuu wa Vihimili kuanzia viatu mpaka kitambaa.

"Ni jino?" aliuliza.

Lukindo aliitikia kwa kichwa.

"Linauma tangu lini?"

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo, na ilibidi alitafutie jibu.

"Tangu kabla sijapewa cheo," alisema.

"Na miaka yote hiyo, likikuuma katikati ya hotuba, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naongeza sauti."

Kidawa alimshika kiwiko, akampeleka kwenye benchi, akamwomba mzee wa goti asogee kidogo, akamketisha pale asubiri zamu yake.